Muulize Muuguzi: "Nyumba inang'aa, lakini mama amenyamaza"

Tangu nilipogusia vidonda vya kulalia katika toleo lililopita, barua zimefurika, na karibu zote zina swali moja: tumemwajiri mtu amwogeshe, amvishe na amlishe mgonjwa wetu nyumbani, tutajuaje kama kazi inafanyika vizuri na mgonjwa yuko salama? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna mengi ambayo wengine pia wameyauliza.

*Shikamoo Mama Muuguzi. Mama yangu ana miaka 78. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Wakala ametuletea wahudumu wawili, wa mchana na wa usiku. Mimi naishi mbali, hufika mwisho wa juma. Kila nikifika nyumba inang'aa, mashuka safi, mama ananukia poda. Wahudumu wana adabu. Lakini mama, ambaye baada ya kiharusi alikuwa akijitahidi kusema neno mojamoja, siku hizi amenyamaza. Nawaza mabaya bila ushahidi. Nianzie wapi?*
*Binti wa Mbali*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote: kama ukimya huo ulikuja ghafla, jana anasema na leo hasemi, acha kusoma hapa umpeleke hospitali. Huenda ni kiharusi kingine. Kama umekuja polepole, endelea.

Anzia mwilini mwa mama. Mhudumu yeyote anajua kwamba mgeni huona sakafu kwanza, na adabu ya mbele ya mwenye nyumba haina gharama. Sivibezi vyote viwili, ila havikwambii mama aligeuzwa saa ngapi usiku wa Jumanne.

Safari ijayo mwambie mhudumu wa mchana kwamba leo unamwogesha mama wewe, yeye akusaidie. Mkishamvua, tazama pale mfupa ulipo karibu na ngozi: mfupa wa mkia juu ya makalio, nyonga zote mbili, visigino, viwiko, mabega, kisogo, hata masikio kama hulalia ubavu. Ukiona mahali pamebadilika rangi, pabonyeze kwa kidole sekunde chache kisha uachie. Ngozi yenye afya hufifia halafu rangi ikarudi. Isipofifia, kidonda cha kulalia kimeshaanza hata kama hakuna palipochubuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono: papapase, ulinganishe na ngozi ya jirani. Pana joto kuliko kwingine, au pamepoa? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Mama akikunja uso ulipogusa, umeshajibiwa.

Ukikuta doa la namna hiyo, wasilisugue kwa mafuta "kurudisha damu". Kusugua huumiza nyama ambayo tayari imeumia. Wasimkalishe kwenye mpira wa duara wenye tundu katikati pia, maana huo huhamishia mgandamizo pembeni mwa doa. Visigino viinuliwe kwa mto unaokaa chini ya misuli ya miguu, kisigino chenyewe kikae hewani.

Mimi poda siipendi. Kwenye mikunjo yenye unyevunyevu huganda, ikakwaruza, na huficha harufu ambayo pua yako ilitakiwa iisikie. Inua matiti, tazama kinena, tenganisha vidole vya miguu. Fungua kiganja cha ule mkono uliopooza, maana vidole vilivyojikunja hufanya kucha zikaingia kwenye nyama, na kiganja kisichofunguliwa huvunda. Sijawahi kuona mahali panapomsema mhudumu mzembe haraka kama hapo, kwa kuwa hakuna mgeni anayepatazama.

Kisha mwachie mhudumu amvishe mama, nawe tazama anaanza na mkono upi. Mkono uliopooza ndio unaovishwa kwanza, na wakati wa kuvua unakuwa wa mwisho. Anayejua hili alifundishwa, au alifikiri mwenyewe, na wote wawili wanafaa. Anayeuvuta mkono huo ili aupitishe kwenye nguo, au anayemwinua mama kwa kumshika makwapani, anaweza kulitegua bega ambalo misuli yake haina tena nguvu ya kulishikilia. Mfundisheni siku hiyohiyo. Akirudia kesho na keshokutwa, ombeni mwingine.

Maji nayo. Upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto sawasawa, hivyo mama hawezi kupiga kelele akiungua. Maji baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, kisha mhudumu ayapime kwa kiwiko au ndani ya kifundo cha mkono. Nyuzi 37 au 38 zinatosha. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache.

Kaa mpaka wakati wa kula. Mama awe amekaa wima, si nusu amelala, na abaki hivyo kama nusu saa baada ya mlo. Tonge liwe dogo, na kabla ya la pili mhudumu ahakikishe la kwanza limemezwa. Mkimaliza, mwombe mama afungue mdomo utazame shavu la kulia kwa ndani: chakula hujificha hapo bila yeye kujua, kisha humpalia baadaye akiwa amelazwa. Sauti iliyojaa majimaji baada ya kunywa, au kikohozi cha kila mlo, ni ya kupeleka kwa daktari. Hicho si kikohozi cha uzee. Na mpime uzito. Mtu wa kilo 60 akifika 57 ndani ya mwezi bila kukusudia amepoteza asilimia 5, na daktari hatakuona msumbufu ukimwambia.

Sasa daftari. Kila mgonjwa wa kitandani anahitaji daftari la zamu: amegeuzwa lini na kulalia upande upi, amekula kiasi gani, amekunywa nini, mkojo, choo, dawa, hali ya ngozi. Lisome kama mtu anayesoma barua. Daftari la kweli lina kalamu tofauti tofauti, lina saa kama "saa saba na dakika ishirini", lina siku mgonjwa aligoma kula. Ukikuta wiki nzima ina wino mmoja, saa zote zimekaa kamili na kila mlo "amekula vizuri", limeandikwa kwa kikao kimoja. Halafu hesabu vitu. Dawa ya kidonge kimoja kwa siku, vidonge 30 vilivyoanza tarehe 1: ikifika tarehe 20, baada ya dozi ya siku hiyo, viwe vimebaki 10. Mgonjwa anayebadilishwa nepi mara nne kwa siku, kwa jozi mpya ya glavu kila mara, humaliza glavu 240 kwa mwezi wa siku 30. Kama mwezi umeisha na boksi la kwanza la glavu 100 bado lina nusu, kuna jambo la kuuliza, na uliza bila ukali, kwa sababu huenda ninyi ndio mlioacha kununua.

Turudi kwenye ukimya. Upande wa kulia wa mwili huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi lugha iko hukohuko. Kwa hiyo mama anaweza kuwa anaelewa kila neno huku ya kwake hayatoki. Halafu, takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Na tatu, anaweza kuwa anamwogopa mtu. Ukisimama mlangoni, yote matatu yanafanana.

Mtume mhudumu nje kwa shughuli ya nusu saa. Kaa mahali mama anapokuona vizuri, umuulize maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, ukimpa muda. Anaweza kukubana mkono au kufumba macho. Usianze na "wanakupiga?" Anza na haya: maji huwa ya moto sana? Usiku ukihitaji mtu, anakuja? Kuna unayependa zaidi akuogeshe? Kuna usiyempenda? Baada ya kitambo, uliza tena mawili uliyoyageuza, kwa sababu kiharusi huweza kuchanganya ndiyo na hapana, na hutaki kumtia mtu hatiani kwa jibu lililokosea njia. Kisha mtazame mhudumu wa usiku anapoingia zamu. Mwili wa mama ukikakamaa, umeona kitu cha kufuatilia.

Mwisho wa juma unajulikana, nenda Jumatano. Nenda saa kumi alfajiri, ukiwa na ufunguo wako.

Tangu mwaka 1966, alipoandika daktari Avedis Donabedian, wanaopima huduma za afya huangalia mambo matatu: vilivyopo, yanayofanyika, na yanayotokea kwa mgonjwa. Wewe umekuwa ukiletewa taarifa za la kwanza tu: wahudumu wawili, mashuka, poda. Hayo mengine mawili hutayajua mpaka uyafuate.

*Mama Muuguzi, niweke kamera ya siri chumbani kwa baba?*
*Mwana wa Kwanza*

Ya siri, hapana. Chumba ni cha baba. Yeye huvuliwa nguo humo, hujisaidia humo. Kama akili yake iko timamu, mwulize kwanza, na jibu lake liheshimiwe. Sheria za kurekodi watu zinatofautiana nchi na nchi, ulizeni ya kwenu. Kamera inayojulikana na kila mtu, iliyoelekezwa mlangoni au sebuleni, inaweza kukuonyesha nani aliingia na saa ngapi, na kwa mgonjwa anayeanguka ina faida. Ila haioni chini ya shuka, wala haijui kama maji ni ya moto. Nina wasiwasi na familia zinazonunua kamera kisha zikaacha kuja.

*Tunatafuta mhudumu wa mama mkwe, ambaye goti lake limeharibika na kumbukumbu imeanza kupungua. Kuna dada mwenye cheti na barua za sifa. Kuna mwingine asiye na cheti ila amemuuguza mgonjwa mmoja kwa miaka mingi. Kuna pia wakala. Yupi salama zaidi?*
*Mkwe*

Ndugu yangu, mmeanza na mhudumu kabla ya kumjua mhudumiwa. Kaeni muandike mama mkwe anaweza nini peke yake na anahitaji mkono wapi. Mnaweza kuazima kipimo cha Barthel, cha mwaka 1965, ambacho bado kinatumika. Kina shughuli kumi: kula, kuoga, kujinadhifisha, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia mkojo, kutumia choo, kuhama kitandani hadi kitini, kutembea, kupanda ngazi. Jumla yake ni alama 100. Alama si muhimu sana kwenu, muhimu ni kugundua, kwa mfano, kwamba mama hula na kuvaa mwenyewe na anachohitaji ni mtu wa kuwa karibu anapooga na anapoinuka usiku. Mhudumu akimfanyia yote kwa upendo, baada ya miezi michache atakuwa amempokonya hata yale aliyokuwa akiyaweza. Huo nao ni utunzaji mbaya, ingawa unapendeza machoni.

Cheti ni kizuri, mpigie aliyekitoa uthibitishe. Barua za sifa sizisomi. Namtafuta aliyeziandika kwa simu na kumuuliza swali moja: ungemchukua tena? Msikilize anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Halafu wapeni wote wawili mikasa badala ya maswali ya darasani. Umemkuta mama sakafuni saa nane usiku, unafanya nini? Anayesema "namwinua haraka" bado hajafunzwa. Anayesema atamwacha kwanza alivyo, amuulize panapouma, atazame kama mguu umekaa vibaya au amegonga kichwa, kisha aombe msaada, huyo mnaweza kuendelea naye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliozidi miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Swali hilo si la mapambo. Mkasa wa pili: mama anasema ameshakunywa dawa, daftari halina alama, unampa au humpi? Wa tatu: mwombeni amhamishe mmoja wenu kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu. Tazameni kama anafunga breki kabla ya kuanza.

Mkichagua wakala, ulizeni ni nani atakayekuja mhudumu akiugua, ni nani anayekuja kumkagua na mara ngapi, na malalamiko hupokelewa na nani. Wakala anayejibu "hatujawahi kupata malalamiko" mshukuruni na muendelee kutafuta. Namba ya siri ya benki isitoke mikononi mwa familia, hata kwa mhudumu malaika. Manunuzi yawe na risiti. Hilo linamlinda yeye pia.

*Shikamoo mama. Mimi ni mhudumu. Namtunza mzee wa zaidi ya kilo 80 peke yangu, alfajiri mpaka usiku, siku saba. Mgongo unaniuma. Naambiwa nibane matumizi ya glavu. Vidonge vyake vyote navisaga kwa sababu anashindwa kumeza. Juzi watoto wake wameona michubuko mikononi mwake, wakaniangalia kwa jicho ambalo silisahau. Nifanyeje?*
*Naogopa*

Marahaba, binti yangu. Nakujibu wewe, lakini naomba barua hii waisome waajiri.

Vidonge kwanza, kwa kuwa hivyo havisubiri. Si vyote husagwa. Vipo vilivyotengenezwa vitoe dawa kidogokidogo kwa saa nyingi; ukivisaga, dozi ya siku nzima inaingia mara moja. Vingine vimefunikwa ili visiyeyukie tumboni. Leo mwambie mtoto wake mmoja achukue dawa zote, pamoja na maboksi, azipeleke kwa mfamasia au daktari, aulize zipi zinasagika na zipi zina aina ya maji. Na aseme wazi kwamba mzee anashindwa kumeza, maana hilo lenyewe linahitaji uchunguzi.

Kilo 80 si mzigo wa mtu mmoja. Omba shuka la kutelezea la kumsogeza kitandani, na mkanda wa kumshikia kiunoni anaposimama. Kama mzee hawezi kabisa kukanyaga, inahitajika mashine ya kunyanyulia au mtu wa pili. Mgongo wako ukikatika akiwa mikononi mwako, mnaanguka wote wawili. Glavu zisibanwe. Na glavu haziondoi kunawa: sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, kabla ya kumgusa na baada ya kuzivua.

Michubuko. Ngozi ya wazee ni nyembamba, na wengi wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mgongano mdogo na ukingo wa kitanda huacha doa kubwa kwenye mkono wa mbele. Michubuko ya shingoni, masikioni, ndani ya mapaja, au yenye umbo la vidole sehemu ya juu ya mkono, hiyo inahitaji maelezo. Rangi ya mchubuko haisemi kwa uhakika ni wa siku ngapi, kwa hiyo asikwambie mtu "huu ni wa zamu yako" kwa kuutazama tu. Kuanzia kesho chora kwenye daftari umbo la mtu, mbele na nyuma. Kila unapomwogesha, tia alama palipo na doa jipya, andika tarehe, na mwonyeshe ndugu siku hiyohiyo, kabla hajaliona mwenyewe.

Na nyie watoto wa mzee, mnayo haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi amepata kutendewa vibaya ndani ya mwaka mmoja katika jamii, na miongoni mwa watesaji wanafamilia wamo. Hivyo jicho hilo liwazungukie wote. Lakini mtu asiyepumzika siku saba ataangusha, atasahau, atapandisha sauti. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki, katika nchi zilizouridhia. Hata kama ya kwenu haijauridhia, gaweni zamu. Nyinyi wenyewe mna mikono.

*Baba anakataa kuogeshwa na mhudumu. Akilazimishwa anapigana. Tufanyeje?*
*Familia*

Msimlazimishe. Kumshika mtu kwa nguvu ili avuliwe ni kumdhalilisha, hata nia ikiwa safi, na ndipo watu huteleza wakavunjika nyonga. Tafuteni sababu: baridi, goti linalouma, kuogopa kuteleza, aibu. Kama anamkataa mmoja na kuwakubali wengine, chunguzeni kwa nini huyo mmoja.

Si lazima aingie bafuni kila siku. Uso, mikono, kwapa na sehemu za siri ndivyo visivyokosa. Vioshwe kitandani kwa kitambaa, sehemu moja moja, kwingine kukiwa kumefunikwa, na anapofika mwenyewe apewe kitambaa ajifute. Kama kumbukumbu imepungua, aliyekataa asubuhi anaweza kukubali jioni bila kukumbuka kuwa aligoma. Na mumuulize kama angependelea mhudumu mwanamume. Barua yenu haisemi kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza.